King'amuzi kimoja kwa nyumba nzima, au kila chumba na chake?

Ilikuwa penalti. Mpira umeshawekwa, kipa anatikisa mikono, sebule nzima kimya. Mara skrini ikageuka katuni ya sungura. Hakuna aliyegusa rimoti pale sebuleni. Aliyeigusa alikuwa mtoto wa miaka sita chumbani kwake, mbele ya TV ndogo niliyomwunganishia mimi mwenyewe wiki moja kabla, kwa waya mmoja na kijicho cha kupitisha amri za rimoti hadi sebuleni, nikajisifu kwamba nimemaliza kazi ndani ya nusu saa. Na kweli nilikuwa nimeifunga sawasawa. Nilikosea mapema zaidi, pale nilipochagua njia.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza afungeje TV ya pili au ya tatu kwa dishi moja, simuulizi ana vyumba vingapi. Namuuliza kama watu wa nyumba hiyo watataka kutazama vitu tofauti kwa wakati mmoja, kisha namuuliza rimoti itashikwa na nani na wapi. Akishajibu hayo, waya hujichagua wenyewe.

Hizi ndizo njia nne zinazofaa kupimwa kabla ya kupanda juu ya paa (LNB ni kile kichwa kilicho mbele ya dishi, na tyuna ni sehemu ya king'amuzi inayokamata chaneli):

| Njia | Kila chumba chaneli yake? | Waya kutoka dishini | Rimoti |
|---|---|---|---|
| King'amuzi kimoja, TV nyingi | Hapana | Mmoja | Lazima utafute njia ya kuipitisha ukutani |
| Ving'amuzi kadhaa, LNB ya matundu mengi | Ndiyo | Mmoja kwa kila tyuna | Kila chumba na yake |
| Ving'amuzi kadhaa, waya mmoja (Unicable) | Ndiyo | Mmoja kwa wote | Kila chumba na yake |
| King'amuzi mama na vidogo vyake | Ndiyo, hadi idadi ya tyuna za mama | Mmoja au miwili | Mara nyingi za redio, za kuoanisha |

King'amuzi kimoja, TV nyingi

Hii inamfaa mtu anayeishi peke yake au wawili wanaopenda vitu vilevile: unatazama habari sebuleni, unaendelea nazo chumbani ukiwa umelala. Pia inafaa ukumbi ambako skrini zote zinapaswa kuonyesha kitu kimoja. Nyumba yenye watoto na watu wazima haiwezi. Nimeshasema yaliyonikuta.

Ving'amuzi vingi vya zamani vina tundu la nyuma lililoandikwa RF OUT. Unachomeka waya wa antena hapo, unaupeleka chumbani, unaitafutisha TV chaneli. Uzuri wake ni kwamba waya huo unaweza kwenda mbali na hauna makuu. Ubaya ni kwamba picha inayotoka hapo ni ya analojia, hafifu, na sauti mara nyingi ni ya upande mmoja. Ukiwa na TV kubwa chumbani utaona kama unatazama kupitia chandarua.

Anayetaka picha safi huenda kwenye splita ya HDMI. Kwa umbali mfupi inafanya kazi vizuri, ila kuna mambo mawili ambayo boksi lake haliyasemi. La kwanza, splita nyingi hushuka hadi kiwango cha TV dhaifu kuliko zote. Ukiunganisha TV mpya ya 4K na nyingine ya zamani ya 720p, mara nyingi zote mbili zitaonyesha 720p. La pili, waya wa kawaida wa HDMI huanza kusumbua ukivuka mita 10 au 15: skrini inakuwa nyeusi sekunde moja, inarudi, inakuwa nyeusi tena. Zaidi ya hapo tumia vifaa vya kusafirisha HDMI kwa waya wa mtandao wa Cat6. Vile vya mfumo wa HDBaseT hufika mita 100, na vingi vinarudisha pia mawimbi ya rimoti kutoka chumbani, jambo ambalo utalishukuru baadaye.

Ipo njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: modyuleta ya dijitali. Inachukua HDMI ya king'amuzi na kuigeuza iwe kama chaneli ya antena ya kawaida, kisha TV zote zenye tyuna ya dijitali zinaipata kwa kutafuta chaneli tu. Picha ni ya HD na waya ni uleule wa antena. Picha huchelewa kidogo, kwa hiyo chumbani watashangilia bao baada ya sebuleni.

Vifaa visivyo na waya navipa nafasi ya mwisho. Vinapendeza kwenye picha ya boksi, lakini kuta mbili za zege zinatosha kuvivunja moyo.

Kila chumba na king'amuzi chake

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, na karibu kila mara wanajikwaa kwenye splita ya kawaida ya antena. Mtu anasema: waya mmoja unashuka kutoka kwenye dishi, nitaukata, nitaweka splita, nusu iende sebuleni, nusu chumbani. Kwa antena ya kawaida hilo lingekubali. Kwa dishi halikubali, na sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu ukishaielewa hakuna fundi atakayekudanganya.

LNB, kile kichwa kinachotazamana na dishi, hufanya kazi kwa amri. King'amuzi hukipelekea amri kwa waya uleule unaoleta picha. Kikipeleka volti 13 kinamaanisha "nipe mawimbi ya wima", kikipeleka volti 18 kinamaanisha "nipe ya mlalo". Kikiongeza toni ya kHz 22 kinaomba bendi ya juu, kisipoiongeza kinaomba ya chini. Yote haya ni kwa sababu LNB ya kawaida ya bendi ya Ku hupokea kuanzia GHz 10.7 hadi 12.75, na mzigo huo wote hauwezi kushuka kwenye waya mmoja kwa mkupuo. Basi umegawanywa robo nne: wima ya chini, wima ya juu, mlalo ya chini, mlalo ya juu. Tundu moja la LNB hutoa robo moja tu kwa wakati mmoja.

Sasa rudi kwenye splita yetu. Sebule inaomba volti 18 na toni, chumba kinaomba volti 13 bila toni, na wote wanaongea kwenye waya mmoja. Aliye na volti kubwa anashinda. Chumbani wanaona maneno "Hakuna mawimbi" kwenye baadhi ya chaneli, zinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, kutegemea sebuleni wametulia wapi. Nimekuta watu waliobadilisha ving'amuzi viwili kwa tatizo hili, wakidhani vimeharibika.

Tundu la LNB OUT lililo nyuma ya baadhi ya ving'amuzi lina kasoro hiyohiyo, ila kwa adabu zaidi. King'amuzi cha pili kinakuwa mateka wa cha kwanza. Cha kwanza kikiwa kimezimwa kwa rimoti, cha pili kinakuwa huru. Kikiwashwa, cha pili kinabaki na robo ileile ambayo cha kwanza kinatazama. Kwa chumba cha wageni kinachotumika mara chache, inaweza kutosha.

Dawa halisi ni LNB yenye matundu yanayojitegemea. Twin ina mawili, quad ina manne, octo ina manane, na kila tundu husikiliza king'amuzi chake bila kujali jirani anaomba nini. Ila kabla ya kununua, soma jina herufi kwa herufi. Kuna quad na kuna quattro. Zote zina matundu manne, zinafanana kama mapacha, na dukani huwekwa rafu moja. Quattro imetengenezwa kwa ajili ya multiswichi, kisanduku kinachogawa mawimbi ya dishi kwa ving'amuzi vingi, na kila tundu lake limefungwa kwenye robo moja, halisikilizi amri ya mtu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ving'amuzi, kila chumba kitapata robo yake ya chaneli na kukosa nyingine zote. Mimi nilishashuka na quattro mkononi, jua la saa saba, kwa kosa la herufi tatu.

Ukifika hapa, acha kuhesabu vyumba, anza kuhesabu tyuna. King'amuzi kinachorekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine kwa kawaida kina tyuna mbili, na kwa mfumo huu kinataka waya miwili kutoka dishini. Nyumba ya vyumba vitatu yenye king'amuzi kimoja cha kurekodi inahitaji matundu manne. Wengi hununua twin, wakigundua hilo wanapanda tena.

Matundu yakizidi manane, au nyumba ikiwa ya ghorofa, LNB ya matundu mengi huacha kuwa na maana kwa sababu fungu la waya linakuwa nene kama mkono. Hapo ndipo quattro inapata kazi yake: waya minne inashuka hadi kwenye multiswichi iliyo darini, pamoja na wa tano wa antena ya kawaida, na multiswichi inatoa matundu 8, 12 au 16. Ni mpango imara kuliko yote niliyoitaja, lakini multiswichi nyingi zinataka umeme wake, kwa hiyo fikiria soketi kabla hujafikiria mahali pa kuitundika.

Kuhusu Unicable, mimi huipenda kwa nyumba ambazo zimeshajengwa na bomba la waya ukutani ni moja. Kiwango chake cha kwanza, EN 50494 cha mwaka 2007, kinaruhusu hadi tyuna 8 kwenye waya mmoja, na kilichofuata, EN 50607, kinaruhusu hadi 32. Siri yake ni kwamba kila tyuna hupewa kijia chake cha masafa ndani ya waya: mmoja hukaa MHz 1210, mwingine 1420, na kadhalika, kufuatana na kilichoandikwa ubavuni mwa LNB. Unaingia kwenye menyu ya king'amuzi, unachagua Unicable au SCR, unakipa namba yake. Ving'amuzi viwili vikipewa namba moja vitanyang'anyana: huku wakibadilisha chaneli, kule picha inaganda. Andika namba kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, ubandike chini ya kila king'amuzi. Na hakikisha king'amuzi chako kinaujua mfumo huu kabla ya kubadilisha LNB, maana visivyoujua havitaona kitu.

Kwa vituo vya kulipia kuna jambo la kadi. King'amuzi cha pili kinahitaji kadi yake au usajili wake. Baadhi ya kampuni hukubali kukiweka chini ya akaunti ya kwanza kwa nyongeza, mradi vyote viwe nyumba moja. Uliza kabla ya kununua chochote. Chaneli za bure hazina habari hiyo.

Kidogo kuhusu waya, maana lawama nyingi zinazopewa ving'amuzi ni zake. Tumia RG6 ya omu 75, si ule mwembamba wa antena. Hata huo mzuri hupoteza takribani desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye MHz 1000, na karibu 30 kwenye masafa ya juu kabisa, ndiyo maana chumba cha mwisho hukosa chaneli za masafa hayo kwanza. Unapouchuna, geuza zile nyuzi za nje zirudi nyuma juu ya ganda, kisha angalia kwa makini kabla ya kuvalisha konekta: uzi mmoja tu, mwembamba kama unywele, ukigusa shaba ya katikati, umefunga njia ya umeme na king'amuzi kitalalamika kuhusu LNB. Shaba ya katikati itokeze milimita mbili au tatu tu mbele ya konekta. Na zima king'amuzi kwenye soketi kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya wa dishi.

Mvua kubwa ikizima vyumba vyote kwa pamoja, tazama dishi. Ikizima chumba kimoja, tazama waya wa chumba hicho, hasa konekta ya nje iliyoachwa bila kufungwa mpira.

King'amuzi mama na vidogo vyake

Kampuni nyingi za kulipia siku hizi zinakupa king'amuzi kimoja kikubwa chenye tyuna nyingi na vidogo vya vyumbani visivyo na waya wa dishi kabisa. Vidogo huomba picha kutoka kwa mama kupitia mtandao wa nyumbani. Ukirekodi sebuleni, unaweza kumalizia chumbani pale ulipoishia. Kwa matumizi ya kila siku hii ndiyo njia tamu kuliko zote, na pia ndiyo inayokufunga zaidi: vidogo vya kampuni moja havikubali mama wa nyingine, na mama akizimika, nyumba nzima imezimika.

Kwa chaneli za bure kuna ndugu yake aliye huru, SAT>IP, mfumo uliozinduliwa mwaka 2012 na SES na washirika wake. Kisanduku karibu na dishi hugeuza mawimbi kuwa data ya mtandao, na TV, simu au tableti yoyote yenye programu inayofaa inaweza kutazama. Tumia waya wa mtandao kila inapowezekana. Waifai ikiyumba, picha inaonyesha vipande vya miraba.

Rimoti, mahali pa ugomvi

Watu hutumia siku nzima kwenye dishi na dakika tano kwenye rimoti, kisha wanaishi na rimoti miaka kumi.

Rimoti nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, wa takribani nanomita 940. Mwanga huo haupiti ukuta, na unachoka baada ya mita nane au kumi. Ukitaka kujua kama rimoti ni nzima, ielekeze kwenye kamera ya simu, bora ya mbele, kisha bonyeza: utaona nukta ya zambarau ikipepesa. Isipopepesa, anza na betri.

Kwa mpango wa king'amuzi kimoja na TV nyingi, lazima mwanga huo usafirishwe. Kijicho cha waya kinachoingia kwenye tundu la RF kinafanya kazi kwa king'amuzi kinachokiunga mkono tu, na mara nyingi lazima uwashe umeme wa tundu hilo kwenye menyu. Vipokezi vya redio vya jozi havihitaji waya: kimoja chumbani kinapokea mwanga, kingine sebuleni kinautoa tena mbele ya king'amuzi. Kinachovisumbua zaidi ni taa. Baadhi ya taa za kuokoa umeme hutoa mwanga unaovichanganya, utaona taa ya kipokezi ikipepesa yenyewe bila mtu kubonyeza. Kisogeze kwenye kivuli kabla ya kukirudisha dukani.

Rimoti za redio au Bluetooth hupita ukuta, na king'amuzi kinaweza kufichwa kabatini, isipokuwa kabati la bati. Zinataka kuoanishwa, kwa kawaida kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja hadi taa ipepese. Oanisha kila moja ukiwa mbele ya king'amuzi chake huku vingine vimechomolewa, la sivyo rimoti ya chumbani itaoana na sebule na utarudi kwenye penalti yangu.

Ving'amuzi viwili vya aina moja ndani ya chumba kimoja vitatii rimoti moja kwa pamoja. Baadhi vina sehemu ya kubadilisha namba ya rimoti kwenye menyu: badilisha kwenye king'amuzi na kwenye rimoti, zote mbili. Kisipokuwa nayo, ziba dirisha la kihisi la kimoja kwa utepe mweusi na ukibandikie chini yake taa ya kile kifaa cha jozi kinachotoa tena mwanga wa rimoti.

Halafu kuna CEC, ule uwezo wa rimoti ya TV kuongoza king'amuzi kupitia HDMI. Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink, Sony huiita Bravia Sync. Kila chumba kikiwa na king'amuzi chake, iwashe, utapunguza rimoti moja mezani. Lakini kwenye splita ya HDMI, izime kwenye TV zote. Isipozimwa, anayelala mapema huzima TV yake, TV inakiamuru king'amuzi kilale pia, na walio sebuleni wanabaki gizani wakiulizana nani amekanyaga waya.

Ningechagua nini

Wawili wasiogombania chaneli: modyuleta ya dijitali, au HDMI juu ya Cat6 yenye njia ya rimoti. Familia ya vyumba viwili hadi vinne na paa linalofikika: quad, bila kufikiri mara mbili, hata kama leo unatumia matundu mawili tu. Nyumba iliyokwisha pakwa rangi na bomba moja la waya: Unicable. Anayelipia kila mwezi na anapenda kurekodi: king'amuzi mama, akijua amejifunga. Mimi nyumbani niliishia na quad.

Fundi akimaliza, usimruhusu ashushe ngazi bado. Washa ving'amuzi vyote kwa pamoja, kimoja weka chaneli ya wima ya chini, kingine mlalo ya juu, kisha badilishana. Masafa na herufi V au H utaziona kwenye taarifa za chaneli. Kisha nenda chumba cha mwisho, funga mlango, bonyeza rimoti ya huko mara kumi, na mtu wa sebuleni akuambie kama kuna kitu kimesogea.